Njia Mbili Zilimshinda Fisi: Maisha ya Augustino wa Hippo

Muhula wa kwanza mlezi wa chama chetu alituletea vijikaratasi vilivyokunjwa ndani ya kofia, kila mmoja achukue chake. Kila kijikaratasi kilikuwa na jina la Mwafrika mashuhuri aliyefariki zamani. Kazi yetu ilikuwa kusimulia maisha yake kwa maneno yetu wenyewe, bila kunakili ya mtu. Wenzangu walipata Mekatilili wa Menza, Shaka Zulu na Malkia Nzinga. Mimi nikafungua changu, nikaona Augustino wa Hippo. Nikaguna. Nilidhani mwalimu amekosea, maana Augustino niliyemjua mimi ni yule wa kwenye kalenda ya kanisa, mzee mwenye ndevu na uso mweupe pe! Kumbe ni mwenzetu wa bara hili hili.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka wa 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Wakati huo Afrika ya Kaskazini ilikuwa chini ya himaya ya Roma. Baba yake, Patricius, hakuwa Mkristo, na alibatizwa tu alipokaribia kufa. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa kuamka usiku na kupiga magoti. Basi tangu utotoni kijana huyu aliona njia mbili chini ya paa moja.

Baba alitaka mwanawe awe msemaji hodari, apate cheo na mali. Lakini mkono mtupu haulambwi. Augustino alipofika umri wa miaka 16 fedha za masomo zilikwisha, ikabidi akae nyumbani mwaka mzima. Ni wangapi kati yetu wasiojua kukaa nyumbani kwa ajili ya karo? Ndipo yeye na genge lake wakaenda usiku kuiba matunda ya peasi katika shamba la jirani. Hawakuwa na njaa. Waliyaonja kidogo tu, mengine wakawatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu anayeheshimika, wizi huo bado ulimkera, kwa sababu alitambua kwamba hakutaka matunda, alitaka raha ya kutenda ubaya pamoja na wenzake.

Hapo nilifunga kitabu, nikatazama pembeni. Nitawaambia kwa nini, ila si sasa.

Alipata mfadhili, tajiri wa mji wao aliyeitwa Romanianus, akaenda kusoma Karthago. Huko baba yake akafariki akiwa mbali. Augustino alikuwa bingwa darasani, lakini mji mkubwa ulimmeza. Alianza kuishi na mwanamke ambaye hakumwoa, wakapata mtoto wa kiume, Adeodatus, jina ambalo maana yake ni aliyetolewa na Mungu. Alipokuwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, mwanafalsafa wa Kirumi, akashikwa na kiu ya hekima. Akafungua Biblia, akaiona lugha yake duni ukiilinganisha na ya Cicero, akaiweka kando. Badala yake akajiunga na dini ya Wamani, waliofundisha kwamba ulimwengu ni vita vya mungu wa nuru na nguvu za giza. Fundisho hilo lilimpendeza kwa sababu lilimpa kisingizio: akikosea, si yeye, ni lile giza lililo ndani yake. Alikaa nao miaka 9 hivi.

Monika alilia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alimwendea askofu mmoja amwombe abishane na mwanawe. Askofu akakataa, akamwambia aendelee kumwombea tu, kijana atagundua makosa yake mwenyewe. Mama akaendelea kuomba mwaka baada ya mwaka.

Mwaka wa 383 Augustino aliamua kwenda Roma. Mama yake akamfuata hadi bandarini, hataki kuachwa. Mwana akamdanganya eti anamsindikiza rafiki tu, akamshawishi alale katika kanisa dogo lililokuwa karibu. Usiku ule, mama akiwa anaomba machozi yakimtoka, jahazi liling'oa nanga. Asubuhi mama akakuta bahari tupu. Jamani, mtu anayetafuta ukweli anaanza safari kwa kumdanganya mama!

Huko Roma alikutana na jambo ambalo walimu wetu watalielewa: wanafunzi walisoma vizuri, ikifika siku ya kulipa ada, wote wanahamia kwa mwalimu mwingine. Akachoka. Mwaka wa 384 akapata kazi kubwa ya serikali, kufundisha ufasaha wa lugha katika mji wa Milano, alikokaa mfalme. Kazi yake ilikuwa pia kutoa hotuba za kumsifu mfalme, sifa ambazo msemaji na wasikilizaji walijua ni uongo. Siku moja akielekea kutoa hotuba ya aina hiyo, huku moyo ukimdunda kwa wasiwasi, aliona ombaomba mlevi anacheka barabarani. Akajiuliza, ni nani kati yetu wawili mwenye furaha? Jibu halikumpendeza.

Milano alimsikia Askofu Ambrosi akihubiri. Alienda kuchunguza ufasaha wake tu, lakini maneno yakaingia na maana yao. Pingamizi zake dhidi ya Biblia zikaanguka moja moja. Monika naye alikuwa amevuka bahari kumfuata. Sasa Augustino hakuwa tena na hoja. Akili yake ilikwisha kukubali. Shida ilikuwa nini basi? Shida ni kwamba hakutaka. Au niseme, alitaka na hakutaka. Katika ujana wake aliwahi kumwomba Mungu ampe usafi wa moyo, lakini asiharakishe kumpa. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa alfajiri, anajua saa imefika, na bado anajifunika blanketi.

Wakati huo huo lilitokea jambo ambalo lilinikasirisha, nami sitalificha ingawa ni mtakatifu. Ili apande cheo alichumbiwa binti wa jamaa yenye mali, mdogo mno, hata ikabidi asubiri karibu miaka 2. Kwa sababu hiyo yule mama wa Adeodatus, aliyeishi naye zaidi ya miaka 10, akarudishwa Afrika peke yake, bila mtoto wake. Aliondoka akiapa hatakuwa na mwanamume mwingine. Augustino aliumia sana, lakini hakuweza kusubiri, akatafuta mwanamke mwingine. Katika maandishi yake yote hakutaja jina la mama yule. Sisi wasichana tukumbuke: mtu akiwa na mioyo miwili, si yeye peke yake anayeumia. Kuna anayelipa pembeni, na jina lake haliandikwi.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 386 alitembelewa na Mwafrika mwenzake, Ponticianus, aliyekuwa na kazi katika jumba la mfalme. Mgeni akawasimulia habari za Antoni wa Misri, aliyeacha mali yake yote akaenda jangwani kumtumikia Mungu. Augustino aliona aibu. Watu wasio na elimu yake wamekata shauri, yeye bingwa wa maneno bado anagaagaa! Akatoka bustanini na rafiki yake Alypius. Kisha akajitenga chini ya mtini, akalia kama mtoto, akijiuliza atasema kesho na kesho mpaka lini. Ndipo akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, ikirudia kwa wimbo maneno ya kumtaka achukue na kusoma. Akarudi mbio, akakifungua kitabu cha nyaraka za Paulo, macho yakaangukia Waraka kwa Warumi, sura ya 13, pale mtume anapowataka watu waache ulevi na uasherati, wamvae Kristo. Hakuhitaji kusoma zaidi. Alypius akasoma aya iliyofuata, naye akaungana naye. Wote wawili wakaingia ndani kumwambia Monika.

Sasa niwaambie la kwangu. Mwaka jana nikiwa Kidato cha Pili nilikuwa nasoma masomo kanisani kila Jumapili, sauti nyororo, watu wananisifu. Jumamosi usiku nilikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakiruka ua kwenda disko la matanga. Pesa ya kiingilio ilitoka wapi? Ilitoka kwa mama, anayekaanga mandazi tangu saa kumi alfajiri, nami nilimwandikia kwamba zimeongezwa za maabara. Kila muhula nilijiambia, nitaacha muhula ujao. Sikuwa mnafiki kwa kupenda. Nilipokuwa nikisoma kanisani nilimaanisha, na nilipokuwa nikicheza disko nilimaanisha. Hapo ndipo penye kazi. Niliposoma habari za bandarini, mama yule akiamka na kukuta bahari tupu, nilimwona wangu na karai lake.

Turudi kwa Augustino. Aliacha kazi ya mfalme, akavunja uchumba, na usiku wa Pasaka mwaka wa 387 akabatizwa na Ambrosi pamoja na Alypius na Adeodatus. Mwaka huo huo Monika alifariki Ostia, wakiwa njiani kurudi Afrika, akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Hakuwa na deni tena, alichokiomba alikuwa amekiona. Augustino alifika nyumbani mwaka wa 388, akaishi na rafiki zake maisha ya sala. Muda si muda Adeodatus naye akafariki angali kijana. Mwaka wa 391 alitembelea Hippo, na waumini wakamkamata kanisani, wakamtaka awe padre wao, machozi yakimtiririka. Baadaye akawa askofu, akawahudumia kwa miaka ipatayo 35, akiamua kesi za watu, akitetea maskini na kuandika vitabu vingi, kama vile Maungamo na Mji wa Mungu.

Msidhani vita vilikwisha pale bustanini. Katika Maungamo, aliyoyaandika akiwa tayari askofu, alikiri wazi kwamba majaribu ya zamani yalimfuata hata ndotoni. Tofauti ni kwamba sasa alijua yuko upande gani. Alifariki tarehe 28 Agosti mwaka wa 430, akiwa na miaka 75, jeshi la Wavandali likiwa limeuzingira mji. Kitandani aliomba Zaburi za toba ziandikwe na kutundikwa ukutani mbele ya macho yake. Hakuacha wasia, kwa maana hakuwa na mali ya kurithisha. Hippo sasa ni mji wa Annaba, Algeria.

Likizo ya Aprili nilimketisha mama jikoni, nikamwambia yote, pesa za maabara na ua. Alinyamaza kitambo, akaendelea kukanda unga. Kisha akanisogezea ubao, nami nikakanda. Alfajiri yake aliniamsha saa kumi. Hadi leo sijaruka ua, ingawa Jumamosi zingine muziki ukivuma kutoka kule ng'ambo, miguu inawasha.

Wenzangu, fisi alipofika njia panda alinusa nyama pande zote mbili, akatanua miguu afuate njia zote, akapasuka msamba. Yule aliyetunga methali hii hakumjua Augustino, lakini alimjua binadamu. Anayejiambia muhula ujao, namwuliza kwa upole, ni muhula gani huo?