Clyde Tombaugh, Mpiga Picha za Nyota

Clyde Tombaugh alizaliwa tarehe 4 Februari, 1906, katika jimbo la Illinois, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa kijana walihamia Kansas. Huko mvua ya mawe iliharibu mazao yao, na fedha za kumpeleka Clyde chuo kikuu zikakosekana.

Clyde hakuacha kutazama nyota. Alijitengenezea darubini kwa vyuma vya gari kuukuu na vya mashine za shambani, na kioo chake akakisugua kwa mikono yake mwenyewe. Ili kukipima kioo hicho alihitaji mahali penye hewa tulivu, hivyo akachimba handaki. Kwa darubini hiyo alichora sura za Mirihi na Mshtarii, akaipeleka michoro yake kwenye kituo cha kuchunguza nyota cha Lowell, mjini Flagstaff, Arizona. Wakuu wa kituo walipendezwa, wakampa kazi. Januari 1929 alipanda gari moshi kwenda huko, bila nauli ya kutosha ya kurudia.

Sehemu kubwa ya Arizona ni jangwa na nchi kame. Flagstaff yenyewe ina misitu ya misonobari, lakini iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Mahali kama hapo mwanga wa nyota haufifizwi sana na mvuke.

Percival Lowell, aliyekianzisha kituo hicho, aliamini kwamba iko sayari isiyojulikana, mbali kuliko Neptuni. Alikufa mwaka 1916 bila kuiona. Sasa kazi ya kuitafuta alipewa kijana wa miaka 22.

Clyde aliitafuta kwa picha. Bamba la kioo lililopakwa dawa ya picha hukusanya mwanga kidogo kidogo, kama mtungi unavyojazwa na matone, hata nyota hafifu isiyoonekana kwa macho ikaacha alama. Kila bamba aliliacha wazi kwa muda wa saa moja au zaidi. Kwa kuwa dunia huzunguka, ilibidi darubini izifuate nyota taratibu muda wote huo. La sivyo, kila nyota ingetokea kama mstari. Hata katika baridi kali jumba la darubini halikutiwa moto, kwa maana hewa ya joto ingevuruga picha.

Baada ya siku chache alipiga tena picha ya sehemu ile ile ya anga. Nyota ziko mbali mno, nazo huonekana kama zimetulia, sayari huhama. Picha hizo mbili aliziweka katika mtambo uliomwonyesha moja, kisha ya pili, kwa haraka. Nukta iliyohama ingeonekana ikirukaruka. Lakini bamba moja liliweza kuwa na nyota laki kadhaa! Aliyewahi kuchambua mchele wenye mawe ataielewa kidogo kazi hiyo.

Alasiri ya tarehe 18 Februari, 1930, alikuwa akilinganisha picha za tarehe 23 na 29 Januari. Nukta moja ndogo ilihama kiasi cha milimita 3 na nusu. Akaitafuta picha ya tarehe 21 Januari, ambayo upepo uliiharibu. Nukta ilikuwapo, mahali pale pale ilipotazamiwa. Usiku ule mawingu yalitanda, asiweze kupiga picha nyingine. Basi akaenda sinema. Habari zilitangazwa tarehe 13 Machi. Jina la Pluto lilitolewa na msichana wa miaka 11 wa Oxford, Uingereza, aliyeitwa Venetia Burney.

Clyde aliendelea na upekuzi huo hadi mwaka 1943, wala hakupata sayari nyingine. Katika miaka hiyo alisoma chuo kikuu pia. Baadaye alifanya kazi katika jangwa la New Mexico, akisimamia darubini za kufuatilia roketi angani, kisha akafundisha chuo kikuu hadi 1973. Alifariki tarehe 17 Januari, 1997.

Mwaka 2006 wataalamu wa elimu ya nyota waliiweka Pluto katika kundi la sayari kibete. Mwaka huo huo Marekani ilirusha chombo kiitwacho New Horizons, ndani yake mkiwa na majivu kidogo ya mwili wa Clyde. Tarehe 14 Julai, 2015, chombo hicho kilipita karibu na Pluto, kikaipiga picha.