Habari za Henri Moissan, Aliyeitenga Florini

Watu wengi wa Arusha na kandokando ya Mlima Meru meno yao yana rangi ya kahawia, na sababu yake ni florini iliyomo majini, imeungana na vitu vingine. Wa kwanza kuitenga elementi hii ni Henri Moissan, aliyezaliwa Paris mwaka 1852. Mendeleev, mwanachuoni wa Urusi, alikwisha kuiwekea mahali pake katika jedwali lake la mwaka 1869, wala hapakuwa na aliyepata kuiona peke yake. Kwani ni sumu kali, na baadhi ya walioitafuta iliwaua. Moissan naye ilimdhuru, asiiache, hata mwaka 1886 akaitoa kwa nguvu ya umeme. Mwaka 1906 akapewa tuzo ya Nobel, ingawa subira ile yastahili sifa zaidi, Mendeleev akaikosa. Februari 1907 wakafa wote wawili.