Mwenda Jean Bosco, Mpiga Gitaa

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Katanga, uko mji wa Bunkeya. Ndipo alipozaliwa Mwenda Jean Bosco mwaka 1930. Watu wake ni Wayeke, ambao wazee wao walitoka Unyamwezi katika karne ya 19. Basi si mgeni sana kwetu.

Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya nyimbo za Afrika, alimkuta Jadotville, mji uitwao Likasi siku hizi, akazinasa nyimbo zake. Mmoja ni “Masanga”. Ukiusikiliza utadhani wanapiga watu wawili. Kumbe ni yeye peke yake, tena kwa vidole viwili tu: gumba likishika sauti nene, na kidole cha shahada kikicheza sauti nyembamba juu yake.

Vijana wa Kenya walijifunza kwa santuri, lakini sikio halioni vidole. Alipofika Nairobi mwaka 1959, waliokuwa wakibahatisha walipata kuutazama mkono wenyewe.

Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Nyimbo zake zingalipo. Mwanafunzi mwenye gitaa na aanze na gumba peke yake, pole pole, mpaka liende bila kuangaliwa. Ndipo akiite kidole cha pili.