Rosalind Franklin: Aliyeusoma msokoto wa uhai

Mwanasayansi Rosalind Franklin alizaliwa London tarehe 25 Julai 1920, na akafariki dunia mjini humo tarehe 16 Aprili 1958 kwa saratani ya ovari, akiwa na umri wa miaka 37.

Mwaka 1952, katika chuo cha King's College, yeye na mwanafunzi Raymond Gosling walipata kwa eksirei picha namba 51, iliyodhihirisha kuwa DNA imesokotwa kama kamba. James Watson alionyeshwa picha hiyo bila Franklin kujua. Watson, Francis Crick na Maurice Wilkins walipotunukiwa Nobel mwaka 1962, mwanamke huyo alikuwa kaburini miaka minne.

Hata hivyo, kazi yake haikuishia kwenye DNA. Mwaka 1953 alihamia chuo cha Birkbeck, akachunguza virusi vya tumbaku, ambavyo protini zake hujipanga kwa msokoto. Hakuiacha kazi hiyo hata alipougua mwaka 1956. Mwenzake Aaron Klug, aliyekulia Afrika Kusini, alitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 1982.

Leo wanakemia huunda molekuli za msokoto zinazoiga vipande vya protini, ili kupata dawa zisizovunjwa upesi mwilini. Kuthibitisha umbo la molekuli hizo, bado wanategemea eksirei, njia ambayo Franklin aliimudu kwa subira.