Ndugu Lawrence, Mpishi wa Watawa

Ndugu Lawrence alizaliwa Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Alikuwa askari, akajeruhiwa vitani. Mwaka 1640 aliingia nyumba ya Wakarmeli huko Paris, akapewa kazi ya jikoni, kazi asiyoipenda kamwe. Akajizoeza kuzungumza na Mungu kimoyomoyo katikati ya sufuria; hata mayai aliyageuza kikaangoni kwa kumpenda Mungu. Miaka kama 10 moyo wake ulisumbuka sana, kisha amani ikamjia. Kila aliposahau, aliungama, akaanza tena. Alifariki mwaka 1691.

Wapendwa, sisi nasi tusingoje kengele ya Jumapili. Tukiwa mekoni, shambani au kisimani, Bwana yu pamoja nasi, tuzungumze naye.