Burt Munro: Fundi aliyeifanya kila injini iliyokufa kuwa darasa

MWENYE pampu ya kumwagilia, mashine ya kusaga au pikipiki ya biashara anaijua hasara ya injini kufa katikati ya msimu. Nyanya hazisubiri spea zifike, na mteja aliyekuja na debe lake la mahindi atakwenda kwa jirani. Wengi wakifika hapo huona njia mbili tu: kukiuza chombo kwa bei ya chuma chakavu, au kukopa ili kununua kingine.

Herbert James Munro, aliyefahamika zaidi kwa jina la Burt, alifuata njia ya tatu. Alinunua pikipiki moja mwaka 1920, akaiua injini yake mara nyingi kwa kuiendesha kupita kiasi, na kila mara akaifufua kwa mikono yake. Miaka zaidi ya 40 baadaye, pikipiki hiyo hiyo ilimpa rekodi za dunia akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wamekwisha kustaafu.

Mtoto wa shamba

Munro alizaliwa Machi 25, 1899 katika mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand. Alikuwa pacha, lakini dada aliyezaliwa naye hakuishi. Alikulia katika shamba la familia huko Edendale, mashariki mwa mji huo.

Kazi za shamba hazikumtosha. Alipenda kumpanda farasi mwenye mbio kuliko wote shambani, jambo lililomuudhi baba yake. Alijaribu kazi nje ya nyumbani, ikiwamo ya ujenzi wa handaki la reli la Otira, kabla ya kuitwa arudi shambani.

Mwaka 1920 alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout. Licha ya jina lake, haikutoka India. Ilitengenezwa Springfield, Marekani. Ilikuwa na silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, ukubwa wa sentimita za ujazo 600, na mwendo wake wa juu ulikuwa karibu kilomita 90 kwa saa. Kwa wakati ule hicho kilikuwa chombo cha kujivunia.

Munro hakuridhika. Kuanzia mwaka 1926 alianza kuifungua na kuibadilisha, na hakuacha hadi uzeeni.

Mchana duka, usiku gereji

Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya duniani mwishoni mwa miaka ya 1920, Munro alipata kazi Invercargill ya kuuza na kutengeneza pikipiki. Mchana alihudumia wateja. Usiku aligeukia pikipiki zake mwenyewe: ile Indian, na nyingine aina ya Velocette ya mwaka 1936.

Alishindana katika ufukwe wa Oreti, karibu na Invercargill, ambako mchanga mgumu ulitumika kama barabara ya mbio. Baadaye alishindana pia Melbourne, Australia. Mwaka 1938 aliweka rekodi yake ya kwanza ya New Zealand, na nyingine saba zikafuata.

Hakuwa mwanamichezo wa kampuni. Kiwanda hakikumletea sanduku la spea. Injini ikipasuka wiki moja kabla ya mashindano, tatizo lilikuwa lake peke yake.

Kwa nini injini ilikufa mara kwa mara

Hapa msomaji mwenye mashine yake na asome kwa makini. Pistoni hupanda, husimama na kugeuza mwendo mara mbili katika kila mzunguko wa shafti. Mizunguko ikiongezeka maradufu, nguvu inayovuta na kusukuma mkono wa pistoni kwa sababu ya mwendo huo haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne. Ndiyo maana mashine inayolazimishwa kuzunguka kuliko ilivyokusudiwa haichakai polepole, bali hupasuka ghafla.

Chuma cha mwaka 1920 hakikuundwa kwa kazi aliyokuwa akikipa Munro. Pistoni ziliungua, mikono yake ilikatika, na mkono ukikatika mwendo ukiwa mkali huweza kutoboa hata bloku yenyewe.

Mabadiliko yalileta pia matatizo yake. Ukiimarisha mkono wa pistoni, udhaifu unahamia kwenye beringi. Ukiimarisha beringi, unahamia kwenye klachi au mnyororo. Munro alikuwa akiufukuza udhaifu kutoka chuma kimoja hadi kingine, mwaka baada ya mwaka.

Makopo, spoki na ekseli ya trekta

Kwa kuwa hakuwa na fedha za kuagiza vifaa, alivitengeneza. Alisubu pistoni zake mwenyewe kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa, akitumia makopo ya zamani. Silinda na magurudumu mazito ya ndani ya injini alijitengenezea pia. Mikono ya pistoni aliichonga kutoka kwenye ekseli ya trekta la Caterpillar, chuma kilichokwisha kuthibitika kuvumilia kazi nzito. Kipimo chake cha kupimia unene wa vyuma kilikuwa spoki kuukuu ya gurudumu.

Injini ilipotoka kiwandani ilikuwa na valvu za pembeni na kemu mbili. Munro aliibadilisha ikawa na valvu za juu, akabuni mfumo wake wa kemu nne, na akaweka mnyororo wa njia tatu wa kupeleka nguvu kwenye klachi. Ukubwa wa injini ulipanda kutoka sentimita za ujazo 600 hadi 950.

Kiwanda cha Indian kilisimamisha uzalishaji mwaka 1953. Kwa wamiliki wengi wa pikipiki hizo, huo ulikuwa mwanzo wa shida ya spea. Kwa Munro hali haikubadilika sana, kwa sababu kiwanda chake kilikuwa ndani ya banda lake.

Humo bandani alikuwa na rafu iliyojaa pistoni zilizotoboka, mikono iliyokatika na vyuma vingine vilivyoshindwa. Aliandika kwenye rafu hiyo kwamba vitu hivyo ni sadaka kwa mungu wa mwendo kasi. Ulikuwa utani, lakini rafu ile ilikuwa na faida ya kweli. Chuma kilichovunjika huonyesha kilipoanzia kupasuka, kama kilikosa oili, au kama kiliungua kwa moto uliozidi. Anayekitupa jalalani siku hiyo hiyo hutupa na ushahidi.

Kwenye chumvi ya Bonneville

Maisha hayo yalikuwa na gharama. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1947, naye akaishi katika banda la gereji pamoja na pikipiki zake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 alisumbuliwa na ugonjwa wa moyo.

Hata hivyo, alikuwa na lengo moja kubwa: uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani, ambako watu hukutana mwezi Agosti kupima mwendo wa vyombo vyao. Alikwenda huko mara kumi. Mara ya kwanza alitazama tu, mara tisa zilizobaki alishindana.

Safari hiyo haikuruhusu uzembe. Bonneville iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, wakati Oreti ni ufukweni. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo kabureta iliyorekebishwa pwani hupeleka petroli nyingi kupita inayohitajika kwa hewa iliyopo, na injini hupoteza nguvu. Hata anayehamisha pampu ya petroli kutoka mwambao kwenda nyanda za juu hukutana na jambo hilo. Chumvi nayo hula chuma.

Tena, rekodi haikutolewa kwa mbio moja. Mwendo wa mbio mbili ulijumlishwa na kutafutwa wastani wake. Injini iliyokimbia vizuri mara moja kisha ikafa haikuwa na thamani yoyote.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 63, Munro aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 288 kwa saa katika daraja la injini zisizozidi sentimita za ujazo 883. Mwaka 1966 akaweka nyingine ya kilomita 270 katika daraja la 1,000. Mwaka 1967, akiwa na miaka 68, alifikisha wastani wa kilomita 295. Katika mbio moja ya kufuzu mwaka huo alipita kwa kilomita 305.

Kilomita kumi kati ya mbio hiyo moja na wastani wa rekodi zinaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuitunza injini iliyofikia kikomo chake.

Mwaka 2014, miaka mingi baada ya kifo chake, mwanawe aligundua kuwa hesabu ya wastani wa mwaka 1967 ilikosewa. Chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kilisahihisha rekodi ikapanda hadi kilomita 296.

Mwisho wa safari

Mwaka 1977 Munro alipatwa na kiharusi na kuona kwamba mwili haumtii tena. Aliziuza pikipiki zake zote mbili kwa Norman Hayes, wa duka la vifaa vya ujenzi na ufundi la E. Hayes & Sons, ili zibaki nyumbani. Alifariki dunia Januari 6, 1978 akiwa na miaka 78.

Filamu ya maisha yake, The World's Fastest Indian, ilitoka mwaka 2005. Pikipiki aliyoiuza iliwekwa kwenye maonyesho katika duka hilo la Invercargill, na wageni wakawa wanaingia kuitazama kati ya misumari na spana. Mfanyabiashara aliyeinunua hakupata hasara.

La kujifunza

Munro hakutajirika kwa pikipiki yake, na si kila mtu aige maisha yake. Chuma cha kusubu kwenye kopo hakifai kwenye pikipiki inayobeba abiria. Yeye alihatarisha roho yake mwenyewe tu.

Lakini utaratibu wake unamfaa yeyote anayeishi kwa mashine. Injini ikifa, usifunge kipya kabla ya kujua kilichoua cha zamani, maana pistoni mpya kwenye injini isiyopata oili itakufa vilevile. Hifadhi kilichovunjika na uandike tarehe. Ukiongeza nguvu sehemu moja, kagua inayofuata. Kazi kubwa ya kufungua injini ifanyike msimu ukiwa umelala, siyo siku maji yanapohitajika shambani.