Rais Aliyejiita Mkulima wa Miti

Likitajwa jina la Franklin Delano Roosevelt, aghalabu watu hukumbuka Vita vya Pili vya Dunia, wakamwona katika ile picha ya Yalta, ameketi baina ya Churchill na Stalin, joho begani na uso umemkonda. Hayo ni kweli na vitabu vimeyaeleza sana. Lakini mtu huyu alipokwenda kupiga kura kijijini kwake, akaulizwa kazi yake ni ipi, hakuwa akijibu kwamba ni mwanasheria wala rais. Alisema yeye ni mkulima wa miti. Waliokuwapo walicheka wakidhani ni mzaha. Mimi nimezisoma habari za maisha yake, na naona hapakuwa na mzaha hata kidogo. Leo basi, msomaji wangu, nataka tuyatazame maisha yake kwa upande huo wa miti, maana mna fundisho linalotuhusu sisi ambao kila mwaka hupanda miche mingi, tukaihesabu siku ya kuipanda, kisha tusirudi kuihesabu tena.

Roosevelt alizaliwa tarehe 30 Januari, 1882, huko Hyde Park, kando ya mto Hudson katika jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa watu wenye nafasi, wakiishi katika shamba lao lililoitwa Springwood, naye hakuwa na ndugu wa baba na mama mmoja. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, kisha sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1905 alimwoa Eleanor, binti ya ndugu yake Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wakati huo. Mtu mwenye asili kama hiyo angeweza kukaa barazani maisha yake yote na asimpungukie mtu kitu.

Mwaka 1910 alichaguliwa kuingia Seneti ya jimbo la New York, akapewa uenyekiti wa kamati ya misitu, samaki na wanyama wa mwituni. Hapo alimwalika Gifford Pinchot, aliyekuwa mkuu wa misitu wa serikali ya Marekani, aje awazungumzie wabunge. Pinchot aliwaonyesha picha mbili za bonde moja la Uchina. Ya kwanza ilikuwa mchoro wa miaka mia nne nyuma: milima ya kijani, mto umejaa na mji umestawi. Ya pili ilipigwa kwa kamera, mahali pale pale: milima mitupu, mto umekuwa changarawe na mji ni magofu. Kisa chote ni miti iliyokatwa isirudishwe. Roosevelt alizihadithia picha hizo maisha yake yote.

Hakukomea kwenye kuhadithia. Ardhi ya kwao Hyde Park ilikuwa imelimwa vizazi na vizazi mpaka ikachoka, mavuno yakawa haba. Kuanzia mwaka 1912 alianza kupanda miche kwa maelfu katika sehemu zilizochoka, na aliendelea mpaka mwisho wa uhai wake, ikatimia zaidi ya nusu milioni. Chuo cha misitu cha Syracuse kilitumia sehemu ya ardhi yake kwa majaribio. Misonobari mingine aliiuza wakati wa Krismasi, kama mfanyabiashara yeyote, akitaka kuonyesha kwamba msitu ni zao kama mahindi, tofauti yake ni muda tu.

Na hapo kwenye muda ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Mahindi humngojesha mtu miezi minne. Mti humngojesha miaka ishirini, thelathini, hata hamsini. Roosevelt aliweza kungoja kwa sababu alikuwa tajiri. Chakula chake hakikutoka katika misonobari ile. Je, mkulima mwenye ekari chache, deni dukani na watoto sita, atangoja kwa kula nini? Swali hili ndilo lililomtofautisha Roosevelt na matajiri wengine wapendao miti.

Agosti mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 39, alipatwa na ugonjwa wa kupooza, na tangu siku hiyo miguu yake haikumfaa tena. Wengi walisema siasa yake imekwisha. Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alikwenda kutafuta nafuu katika maji ya moto ya Warm Springs, jimbo la Georgia, na huko akakutana na wakulima maskini wa kusini, weupe kwa weusi, wanaolima pamba juu ya ardhi iliyokwisha rutuba. Akanunua shamba huko pia, akapanda miti.

Mwaka 1929 akawa gavana wa New York. Mashamba mengi jimboni yalikuwa yametupwa na wenyewe. Mwaka 1931 wapiga kura waliukubali mpango wa serikali kuyanunua mashamba hayo na kuyapanda miti, na yeye aliupigania kwa nguvu. Huo ulikuwa mpango mzuri, lakini ulihusu ardhi ambayo mwenyewe amekwisha kuiacha. Mtu anayeishi shambani mwake na hataki kuliuza, yeye atasaidiwaje?

Alipoapishwa kuwa rais tarehe 4 Machi, 1933, nchi ilikuwa taabani na mamilioni hawakuwa na kazi. Kabla mwezi haujaisha, ilipitishwa sheria ya kuwakusanya vijana katika makambi, wafanye kazi za misitu na ardhi kwa mshahara wa dola 30 kwa mwezi, 25 katika hizo zikipelekwa nyumbani kwa wazee wao. Mpaka mpango huo ulipofungwa mwaka 1942, vijana karibu milioni tatu walipita makambini, nao walipanda miti ipatayo bilioni tatu. Haki ni kusema pia kwamba vijana weusi walitengwa katika makambi yao wenyewe. Roosevelt alijua kutibu udongo. Ubaguzi wa nchi yake hakuutibu.

Wakati huo huo msiba mwingine ulikuwa ukivuma katikati ya Marekani. Nchi tambarare zilizokuwa na majani tangu azali zililimwa ngano bila kiasi, na ukame ulipokuja, udongo ukapaa. Mei mwaka 1934 vumbi la mashamba hayo lilisafiri mpaka New York na Washington, likaanguka juu ya meli zilizokuwa katika bahari ya Atlantiki. Mkulima alikuwa akilitazama shamba lake likipita juu ya paa la nyumba yake.

Julai mwaka ule Roosevelt alitia saini amri ya kupanda kuta za miti za kuzuia upepo, kutoka North Dakota, mpakani mwa Kanada, mpaka kaskazini ya Texas, kupitia majimbo sita. Miti ilipandwa safu kwa safu: vichaka vifupi pembeni, mirefu katikati, ili upepo upande juu kama unavyopanda juu ya paa. Ukuta wa namna hiyo hutuliza upepo kwa umbali wa mara kumi hadi ishirini ya urefu wa miti yake, na mazao yaliyo nyuma yake hupata kupumua.

Lakini ardhi hiyo ilikuwa mali ya watu. Mwanzoni ilifikiriwa kwamba serikali ikodi au inunue vipande vya kupandia. Baadaye ikaonekana njia iliyo bora ni ubia. Serikali ilitoa miche, mafundi na vibarua wa kupanda, nao wengi wao walikuwa watu wasio na kazi. Mwenye shamba alitoa ardhi, akaitayarisha, akaisaidia kupata ua wa kuzuia ng'ombe, na zaidi ya yote akaahidi kuipalilia miti mpaka ijiweze. Miti ilikuwa yake. Hakupewa sadaka, wala hakunyang'anywa. Alisaidiwa kubeba ule mzigo wa kungoja.

Waliocheka walikuwa wengi. Baadhi ya mabwana misitu wenyewe walisema mti hauwezi kumea katika nchi isiyo na mvua. Roosevelt alitaka dola milioni 15 katika fedha za kuokoa watu wa ukame. Mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali akaona sheria hairuhusu, akaachia milioni moja tu. Baraza la Kongresi nalo likakataa kuutengea mradi fungu lake, ikabidi uendeshwe kwa fedha zilizowekwa kuwapa kazi wasio na kazi. Mti wa kwanza ulipandwa Machi mwaka 1935 huko Oklahoma. Mpaka mwaka 1942 ilikuwa imepandwa miti karibu milioni 220, katika mashamba yapatayo 30,000, na kuta hizo lau zingeunganishwa zingekuwa na urefu wa maili 18,600 na zaidi. Wengi wa wakulima waliokuwa na shaka mwanzoni, walipoona shamba la jirani limetulia, walikuja wenyewe kuomba.

Fauka ya hayo, mwaka 1936 ilianza kanuni ya kuwalipa wakulima sehemu ya gharama za kuhifadhi udongo, na kupanda miti ikiwa mojawapo. Mwaka 1937 ikapita sheria iliyoitwa kwa majina ya wabunge wawili, Norris na Doxey, ya kuwapatia wakulima miche na ushauri wa misitu ya shambani. Huo ndio mzizi wa misaada wanayopata wenye mashamba wa Marekani hata sasa.

Kisa kingine napenda msomaji wa pwani akijue. Tarehe 14 Februari, 1945, akirudi kutoka Yalta, Roosevelt alikutana na Mfalme Ibn Saud wa Saudia ndani ya manowari iliyotia nanga katika mfereji wa Suez. Mfalme alikuja na watu wake, mahema yao na kondoo wa kuchinja. Roosevelt alimpa kiti chake kimoja cha magurudumu, kwa kuwa mfalme naye miguu ilikuwa ikimsumbua. Katika mazungumzo yao Roosevelt alijitambulisha kuwa mkulima, akaeleza hamu yake ya kuona maji yakitumiwa na miti ikipandwa katika nchi za Kiarabu ili jangwa lipungue. Mfalme alishukuru, lakini akajibu kwamba hangeweza kuwa na moyo wa kustawisha ardhi ikiwa neema yake itakuja kurithiwa na wengine. Maana jambo kubwa lililozungumzwa siku ile lilikuwa Palestina na wahamiaji wa Kiyahudi. Siasa ya jibu lile ina mahali pake pengine. Mimi nalichukua kwa maana yake nyepesi: mtu hapandi kwa moyo mpaka ajue nani atakaa kivulini.

Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Aprili, Roosevelt alifariki huko Warm Springs, mwenye umri wa miaka 63. Akazikwa Hyde Park, katika ardhi aliyoipanda.

Na kuta zake za miti je? Nyingi zilisimama miaka mingi na kufanya kazi yake. Lakini ubia ulikuwa umekwisha mwaka 1942, na wakulima wakaachiwa mzigo peke yao. Nafaka ilipopanda bei, na mitambo mikubwa ya kumwagilia maji ikaja, wengine waliing'oa miti ili wapate nafasi. Mwaka 1975 wakaguzi wa serikali ya Marekani waliandika kuonya juu ya jambo hilo. Mwaka 1985 ikapita sheria ya kumlipa mkulima kodi ya kila mwaka, kwa miaka kumi au kumi na mitano, akikubali kuiacha ardhi dhaifu ishike majani au miti. Walijifunza, ingawa kwa kuchelewa, kwamba msaada unaoishia siku ya kupanda ni nusu ya msaada.

Sisi Kenya tunazo kanuni za mwaka 2009 zinazomtaka mwenye shamba aache sehemu moja katika kumi iwe na miti. Desemba mwaka 2022 ilitangazwa nia ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hesabu hizo ni kubwa na nia ni njema. Nami nilifundishwa tangu chuoni kwamba apandaye mti akala kwao binadamu, ndege au mnyama, ameandikiwa sadaka. Lakini malipo ya akhera hayamwondolei mtu haja ya unga wa leo. Aidha, huku pwani wapo wengi wanaoishi juu ya ardhi isiyo na hati mkononi mwao, na tangu zamani mnazi umeweza kuwa wa mtu huyu na ardhi ikawa ya yule. Mwenye ardhi huogopa mpangaji akipanda mti wa kudumu atadai haki. Mpangaji huogopa akiupanda atafukuzwa kabla haujazaa. Baina ya hofu mbili hizo, mche hukauka ndani ya kifuko chake.

Mambo matatu basi nayaona katika maisha ya mkulima yule wa Hyde Park. Mwenye shamba ajue kwa yakini kwamba mti ni wake. Umma umsaidie gharama, kwa kuwa upepo unaozuiwa na udongo unaookolewa hauishii mpakani mwake. Na msaada huo udumu mpaka mti ujiweze. Kwetu kilimo cha mvinje kimekwisha kuonyesha kwamba Mpwani hupanda mti bila kusukumwa, pale anapojua nguzo atakazokata atauza mwenyewe. Anayengoja miaka mitano ya mvinje ataweza kungoja hamsini ya mvule, ikiwa tutakubali kungoja pamoja naye.